Rangi ya Kucha kwenye Amplifaya

Alhamisi alasiri Nereida alichuchumaa mbele ya amplifaya ya mumewe akiwa na kichupa cha rangi ya kucha, akatafuta pa kuchora. Namba zilikwisha kufutika zamani kwa vidole vyenye mafuta, vimebaki vijistari vyeupe tu kuzunguka kitufe cha sauti. Akahesabu kuanzia sifuri: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye cha nne akapaka mstari mwekundu. Rangi yenyewe ilikuwa inaisha, ikambidi akombe chini ya kichupa kwa brashi, na mstari ukatoka mwembamba, mzito, mwekundu kama damu iliyokauka. Alipomaliza alikitupa kichupa kwenye ndoo ya takataka pale uani, akaupuliza mstari hadi ukakauka.

"Isipite hapa," alisema. "Hata kwa unywele mmoja."

"Haitapita," alijibu Radhamés. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kodiani mapajani, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alichokitoa alikitazama kwanza, kisha akakirudisha mdomoni. Nereida aligeuza uso. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na lile jambo bado lilimtia kinyaa vilevile kama siku ya kwanza.

Bendi yao ilikuwa ya watu watano. Walipiga merengue ya kizamani, ile ya mashambani, inayochezwa Jumapili baada ya misa watu wakiwa wamevaa viatu vyao vizuri. Kwenye bango lao la kitambaa paliandikwa Radhamés na Wenzake. Nyimbo tisa katika kila kumi aliziimba Nereida, lakini kwenye bango alikuwa amefichwa ndani ya hao wenzake, pamoja na ngoma.

Juma moja kabla ya Alhamisi hiyo, daktari wa koo kule Santiago alimpitishia mrija mwembamba puani, akamwonyesha nyuzi zake za sauti kwenye skrini. Juu yake palikuwa na vinundu viwili, ukubwa wa punje za mchele. Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naimba."

"Unaimba au unapiga kelele?"

Nereida alizikumbuka Jumapili zake.

"Ukiendelea kushindana na mitambo, Krismasi itakukuta huna hata sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa barabara," alisema daktari. "Wenzako wakipunguza, vitaisha vyenyewe bila kisu. Wasipopunguza, mimi sina dawa."

Ndiyo maana ya ile rangi ya kucha. Hakuwaomba makubwa. Aliwaomba wapunguze, basi, ili abaki na sauti ambayo mama yake alimlea nayo.

Baada ya mumewe alimwendea Wandy, mpiga besi, kijana mwenye spika lililolishinda friji la nyumbani kwao kwa kimo. Huyo kila alipopiga uzi mmoja, vikombe vya jirani vilicheza kabatini.

"Kwenye tatu, mama Nereida?" Wandy alilalamika alipoona brashi inakaribia. "Kwenye tatu hata mbu hashtuki."

"Mbu hawalipi kiingilio. Tatu."

Mzee Bolívar, mpiga ngoma ya tambora, alikubali kabla hajaombwa. Alisema yeye alianza kuipiga ngoma ile kabla umeme haujafika kijijini kwao, kwa hiyo maiki ni tamaa ya vijana. Nereida akaisogeza maiki yake urefu wa mkono mzima kutoka kwenye ngoma, akaufunga mguu wa stendi kwa utepe mweusi ili isisogee.

Kazi ilikuwa kwa Cuquín. Huyu alikuwa mdogo wake Radhamés, na kazi yake ilikuwa kukwaruza guira, lile bomba la bati lenye vinundu linalochanwa kwa chanuo la vyuma. Guira haina kitufe ila mkono wa mwenyewe, na mkono wa Cuquín haukuwa na breki. Nereida alimwomba asimame hatua mbili nyuma ya wenzake. Ungedhani amemtukania mama. Kwa watu wa huko, mkwaruza guira husimama mbele, bega kwa bega na mpiga kodiani, kama msimamizi na bwana harusi. Ukimrudisha nyuma, umewatangazia watu kwamba yuko kwenye adhabu.

"Shemeji, unanirudisha nyuma kama mtoto aliyejichafulia suruali."

"Nakurudisha hatua mbili tu."

"Watu wataniuliza nimekosa nini."

"Waambie umekosa masikio."

Wote walicheka, hata Cuquín mwenyewe, na kicheko kikamlainisha. Kisha wakala kiapo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akikunja kidole gumba juu ya cha shahada kikawa msalaba, akaubusu. Radhamés aliubusu wa mwisho, kwa mlio mkubwa.

"Sisi si wanyama, Neri," alisema. "Koo lako ni koo letu."

Naye akawaamini. Katika yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomchefua zaidi kila alipolikumbuka, kwamba aliingia ndani kupika chakula cha jioni akiimba kwa sauti ya chini, moyo mweupe, mwanamke wa miaka arobaini na mitano.

Siku ya pili alikwenda saluni. Ile rangi yake ya zamani haikuwapo tena, akanunua nyingine, nyekundu inayoelekea kwenye waridi, yenye kung'aa. Akapakwa kucha zote kumi, na kichupa kilichobaki akakiweka chumbani mbele ya kioo.

Jumapili walipiga kwenye rancho ya Doña Bélgica, ukumbi wa makuti kando ya barabara ya kwenda mtoni, ambako watu wa mji wa Villa González huja kula mbuzi wa mchuzi na ndizi za kukaanga. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za bia. Saa tisa alasiri meza zilikuwa zimejaa, watoto wanakimbizana chini yake, na kina mama wanajipepea kwa karatasi za misa.

Wimbo wa kwanza ulimshangaza. Alijisikia akiimba. Alikuwa hajajisikia kwa zaidi ya mwaka. Sauti yake ilitoka ikaenda, ikakuta ukuta, ikamrudia, nayo ilikuwa na mikwaruzo pembeni lakini katikati bado ilikuwa nzima. Ilimrudisha Palmar, kijijini kwa mama yake, kwenye usiku wa kuwakeshea watakatifu, ambako mama yake alikuwa akiimba salve, zile nyimbo za kumsifu Bikira, kwa kifua tu na matari matatu, bila waya hata mmoja, na watu wakimsikia kutoka ng'ambo ya mashamba ya tumbaku. Mwanamume mmoja kwenye meza ya pembeni aliacha uma hewani, na kipande cha mbuzi kikaanza kupoa huku yeye anasikiliza. Nereida alikaribia kulia. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Furaha hiyo ilidumu nyimbo mbili.

Kwenye wa tatu, kodiani lilipanda. Hakuona mkono wa nani uligusa nini, alilisikia tu sikio la kushoto likizibwa. Wandy alimtazama Radhamés, akajifanya anakuna mgongo, mkono ukashuka kwenye spika lake, na mbao za jukwaa zikaanza kutetemeka. Mzee Bolívar naye, yule aliyeidharau maiki, alianza kuinama. Wimbo mzima aliinama, taratibu, mpaka tambora na kidevu chake vyote vikawa vimeikumbatia maiki, jasho la pua linadondokea kwenye waya. Cuquín alisogea nusu hatua. Halafu nusu nyingine. Kufikia wimbo wa tano alikuwa mahali pake pa siku zote, bega kwa bega na kaka yake, amebinua midomo, bati linalia kama msumeno unaokata msumeno.

Nereida aliwatazama mmoja mmoja. Aliyaona mashati yao yaliyolowa kwapani. Aliwaona walivyofumba macho kwa kujipenda, kila mmoja amezama katika mlio wake mwenyewe kama nguruwe kwenye tope. Kwenye kona ya mdomo wa Radhamés palikuwa na povu jeupe, lilinyooka na kukunjana kila alipotabasamu kwa watu. Koo lake yeye lilikuwa linawaka. Kila neno alilisukuma kwa tumbo, na kila neno lilipita juu ya zile punje mbili kama kisigino kinachopita juu ya changarawe. Yule mwanamume wa pembeni alikuwa anatafuna, hasikilizi tena, amemwinamia mkewe na kumpigia kelele sikioni.

Walipopumzika, aliwafuata nyuma ya jukwaa, kwenye mlango wa jikoni. Pale palinuka mafuta ya jana na ngozi ya mbuzi iliyotundikwa kwenye waya ikiwa na nzi wake. Wote wanne walikuwa wamejikusanya kwenye sinia moja la mbuzi, wanakula kwa mikono.

"Mliapa," alisema. Sauti ilitoka nusu.

"Mimi nimepandisha, sikatai," Wandy alisema akiwa na mfupa mdomoni. "Lakini ni kwa sababu ya mzee. Ngoma yake ilinimeza."

"Mtoto mwongo huyu," alisema Bolívar. "Mimi niliinama baada ya besi kupanda. Niulizeni. Mimi na maiki wapi na wapi?"

"Na mimi nilisogea kwa sababu kule nyuma nilikuwa simsikii kaka," alisema Cuquín. "Nikwaruze kwa kubahatisha?"

"Kaka yako ulikuwa humsikii?" Nereida aliuliza. "Hata wafu wa makaburini walimsikia."

"Aliyeanza ni yeye, mama Nereida, tuseme ukweli," alisema Wandy. "Kodiani ndilo lililotangulia kupanda. Sisi tulilifuata tu."

Radhamés alimaliza kulamba vidole vyake kimoja kimoja. Hakuwa na haraka. Aliinuka, akajifuta kwenye suruali, akawaita kwa kichwa wamfuate hadi kwenye amplifaya yake.

"Njooni muone," alisema. "Njoo na wewe, Neri, usiseme tunakuonea. Kitufe kiko wapi?"

Walichungulia. Mshale wa kitufe ulikuwa umekaa katikati ya mstari mwekundu, haukupita hata kwa unywele.

"Haya," alisema Radhamés. "Nani amevunja kiapo?"

Cuquín alipiga mluzi. Mzee Bolívar alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Binti yangu," alimwambia Nereida, "wakati mwingine koo likiuma hata masikio huchanganyikiwa. Mke wangu alianza hivihivi."

"Kumbe tumesumbuana bure," alisema Wandy.

Walirudi kwenye sinia lao. Nereida alibaki pale ameinama, na kwa dakika nzima alijishuku. Labda ni kweli. Labda ni umri, labda ni woga wa yale maneno ya daktari. Alinyoosha kidole akagusa ule mstari, na hapo ndipo alipoona kucha yake na mstari vimekaa pamoja.

Vilikuwa rangi moja. Nyekundu inayoelekea kwenye waridi, yenye kung'aa.

Ile ya Alhamisi aliikomba mwenyewe ikaisha, akaitupa kwa mkono wake. Hii aliinunua Ijumaa. Alihesabu vijistari kuanzia sifuri, akagusa kila kimoja: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye cha nne palikuwa na mkwaruzo mweupe, wa kisu au ufunguo. Tano. Sita. Mstari wake ulikuwa kwenye saba.

Akamwona kama aliyekuwapo. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, amepiga magoti chumbani na kichupa cha rangi ya kucha za mkewe, ametoa ulimi nje kwa umakini, anapaka. Kisha akakifunga kichupa vizuri na kukirudisha mbele ya kioo. Kisha akaja kulala pembeni yake.

Radhamés alikuwa amerudi na alikuwa amesimama nyuma yake. Nereida aliiweka kucha kando ya mstari, akamtazama.

Mumewe alitazama kucha, akatazama mstari. "Ilikwanguka kwenye gari," alisema. "Nikairudishia."

"Kwenye saba."

Akageuka kuona kama wengine wanasikia. Kisha akashusha sauti, na Nereida akagundua kwamba kumbe anaweza, kumbe miaka yote alikuwa anaweza. "Usinitie aibu mbele ya hawa. Neri, tusidanganyane, sisi ni watu wazima. Watu wanakuja kusikia kodiani."

"Na mimi?"

"Wewe unapendezesha." Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. "Jukwaa bila mwanamke halina sura. Haya, twende, watu wanasubiri." Akampapasa shavuni kwa mkono uliotoka kwenye mbuzi.

Mafuta yalibaki shavuni, vuguvugu, yananuka kitunguu saumu. Nereida aliyaacha hapohapo.

"Sawa," alisema.

Alipanda jukwaani wa kwanza. Alishika maiki, akangoja kodiani limalize mbwembwe zake, na ilipofika zamu yake alifungua mdomo na hakutoa kitu.

Midomo ilikwenda. Maneno aliyajua, yalikwenda yenyewe. Mkono ulipanda mahali pake, kiuno kikazunguka mahali pake, kichwa kikarudi nyuma kwenye ile noti ndefu ambayo watu huipigia makofi. Wakaipigia makofi. Kooni mlikuwa kimya kabisa, mmepoa, pumzi inaingia na kutoka kama ya mtu aliyelala.

Ubeti wa kwanza alingoja ageukiwe. Wandy alikuwa amefumba macho. Mzee Bolívar, kidevu kwenye maiki, alimtikisia kichwa kwa kumkubali. Cuquín alimkonyeza. Katikati ya ubeti wa pili Radhamés aliinamia maiki yake, na pale pale anaposema kila Jumapili, akasema, "Hiyo ndiyo sauti, mama."

Hapo kinyaa kilimjaa mpaka kwenye meno. Alikuwa ameufikiria ukimya huo kama mchezo wa dakika moja, wa kuwaumbua, na sasa dakika zilikuwa zinapita na hapakuwa na wa kuumbuka. Aliwaimbia wimbo mzima wa hewa. Akaanza wa pili. Watu walicheza, vumbi lilipanda, mzee mmoja alimzungusha mkewe na kofia yake haikuanguka. Alijiuliza ni tangu lini. Ni Jumapili ngapi alizochana koo lake akidhani kuna mtu upande wa pili.

Kwenye wa pili kulikuja karatasi. Ni desturi ya huko: mtu akitaka jina lake litajwe ndani ya wimbo, huliandika kwenye karatasi na kuituma jukwaani pamoja na chupa, na mwimbaji humtaja kati ya ubeti na ubeti. Karatasi hii ilikuja na chupa ya ramu ambayo haijafunguliwa, ilitoka meza ya mbele kwa Don Persio, mwenye mabanda ya kuku upande wote wa mashariki wa mji. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SALAMU KWA DON PERSIO, MFALME WA MAYAI. Radhamés aliisoma, akaiona chupa, akampa mkewe karatasi kwa macho ya kumsihi.

Nereida alimnyooshea Don Persio mkono. Alimtazama usoni, akatabasamu, akayasema maneno yote kwa midomo, moja moja, hata yale mayai. Hewa tupu.

Don Persio alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshanyoosha kola, ameshamgusa mkewe kiwiko asikilize. Alingoja. Ubeti ukapita. Alitazama kushoto na kulia, akaona jirani zake hawajamgeukia kumpongeza, na uso wake ukaanza kuiva. Ubeti wa pili ukapita. Hapo akasukuma kiti, akaja hadi mbele ya jukwaa, akavua kofia na kuipunga mbele ya macho ya Radhamés kama anayesimamisha lori.

Muziki ulikufa kwa mafungu. Kodiani kwanza, kisha ngoma, kisha guira, na besi ya Wandy mwisho, baada ya kupigwa kofi begani ili afumbue macho.

"Jina langu liko wapi?" aliuliza Don Persio.

"Limetajwa, Don Persio," alisema Radhamés.

"Halijatajwa."

"Limetajwa, mzee wangu. Mke wangu amelitaja vizuri kabisa, na mayai yote. Nimelisikia kwa masikio yangu haya." Na akakunja kidole gumba juu ya cha shahada, akaubusu ule msalaba, kwa mlio mkubwa.

Nereida aliishusha maiki. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba ilisikika sufuria ikichemka jikoni, na hakuhitaji kujisukuma.

"Sijalitaja," alisema. "Sijaimba. Tangu tulipopanda tena sijatoa hata neno moja."

"Shemeji, acha utani wako," alisema Cuquín. "Wimbo wa kwanza umeuimba mpaka nikasisimka. Ona mkono." Akautoa mkono kuuonyesha, akauona haujasisimka, akaurudisha.

Mzee Bolívar aliinamisha macho kwenye ngozi ya tambora yake, akaanza kuifuta kwa kiganja. Wandy alimtazama Nereida kama aliyeamshwa basini baada ya kupitiliza kituo.

Doña Bélgica alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni na upawa mkononi. "Ni kweli hajaimba," alisema. "Mimi nilidhani maiki imekufa. Nikasema, wenyewe wako pale pale, wataona."

Radhamés alikuwa na kidole gumba bado kimekunjwa. Lile povu lilikuwapo bado kwenye kona ya mdomo wake.

"Sasa," alisema Don Persio, "jina langu litatajwa, au chupa yangu irudi?"

Nereida alimtazama, akawatazama wale wanne, na hakuona tofauti yoyote. Alimwekea mumewe ile karatasi kifuani, akaiegemeza kwenye vitufe vya kodiani. "Mtaje wewe," alisema. "Wewe unasikika."

Aliilaza maiki juu ya amplifaya, karibu na mstari wa rangi ya kucha zake. Akachukua mkoba wake nyuma ya spika la besi, akashuka kwenye kreti kwa uangalifu kwa sababu ya visigino, na akapita katikati ya meza. Watu walimpisha. Yule mwanamume wa pembeni, wa kipande cha mbuzi, alinyanyuka nusu kwenye kiti, akakaa.

Nyuma yake alisikia Radhamés anaomba radhi kwa hitilafu ndogo ya mitambo. Akamsikia anamtaja Don Persio, mfalme wa mayai, na makofi. Kodiani likaanza, wengine wakaingia, na kabla hajafika kwenye lango viatu vilikuwa vinaburuzwa tena sakafuni. Hapakuwa na mtu anayeimba na hapakuwa na mtu aliyeacha kucheza.

Barabarani jua lilikuwa bado kali. Alifuta shavu lake kwa leso, mara mbili, mpaka ile harufu ya kitunguu saumu ikaondoka. Upande wa pili, chini ya kivuli cha ukuta, mwenye pikipiki ya abiria alikuwa amekaa juu ya tangi, amempa mgongo, anamenya chungwa. Muziki wa rancho ulikuwa unafika hadi pale, na zaidi.

Nereida alisita. Ghafla aliogopa kufungua mdomo. Aliweka vidole kooni, akameza mate, kisha akaita kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuombea chumvi mezani.

"Kaka."

Mwenye pikipiki aligeuka mara ile ile ya kwanza, chungwa mkononi. "Wapi, mama?"

"Palmar," alisema. "Kwa mama yangu."